Damiani na Kamba ya Makopo

Shemeji yangu Damiani alitangaza kwamba anarudi shule siku ya jumuiya, nyumbani kwake Lumemo, mara tu baada ya sala, watu wakiwa wameshaanza kunyoosha mikono kwenye sinia la mihogo. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, watoto wanne, na miwani ya kuazima kwa katekista.

"Nataka kuwa bwana shamba," alisema. "Bwana shamba mwenye cheti. Nimeshauliza, njia ipo. Naanza na QT."

QT ni ule mtihani wa maarifa. Mtu mzima aliyeishia darasa la saba anasoma masomo ya mwanzo ya sekondari, anaufanya, na akifaulu anaruhusiwa kujiandikisha kidato cha nne. Akivuka na hapo ndipo chuo cha kilimo kinamsikiliza. Ni safari ndefu kwa mtu ambaye magoti yanalia akiinuka, na mimi nilimwambia hivyo hivyo mbele za watu. Mimi ni Hilary, mdogo wa mkewe, na shemeji ana ruhusa.

"Ni kweli ng'ombe hazeeki maini," nilisema, "lakini kwato je? Hilo dawati utaliingia vipi?"

Jumuiya nzima ikaangua kicheko. Ambaye hakucheka ni dada yangu Balbina. Aliweka birika chini, akauliza swali moja tu.

"Na ndege?"

Kicheko kikakatika, maana hilo lilikuwa swali la mtu mzima. Mpunga wetu uko kijiji cha Mbingu. Unapoanza kuchanua mwezi wa nne mpaka tunapouvuna, tunahamia kule na masufuria yetu, kila familia na dungu lake, yaani kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba, na tunalinda ndege tangu alfajiri mpaka jua lizame. Kwelea wakitua kundi zima, asubuhi una shamba, jioni una mabua. Damiani mwenyewe alilelewa juu ya dungu. Wazazi wake walimtoa darasani kila mwaka mpunga ulipochanua, na alipenda kusema kwamba tangu azaliwe hajawahi kuuona mwezi wa tano akiwa shuleni. Darasa la saba alilimaliza kwa kudra.

"Nitasoma na nitalinda," alisema.

"Msimu mmoja," akajibu Balbina. "Ndege wakila shamba, hayo madaftari utayawasha wewe mwenyewe, na mimi nitabandika maharage juu yake. Wasipokula, unasoma mpaka mwisho. Mmesikia wote."

Tulisikia wote. Mimi nilishaanza kuyasikia na maharage yakichemka.

Darasa lilikuwa Viwanja Sitini, Ifakara, kwenye shule ya msingi, saa tisa mchana watoto wakishatoka. Mwalimu alikuwa binti anaitwa Katarina, wa miaka ishirini na saba, mpole wa sura na mkali wa kalamu nyekundu. Siku ya kwanza alipoingia, wanafunzi walisimama kama walivyofundishwa zamani. "Shikamoo mwalimu!" wakaimba, akina baba wenye ndevu na mama mmoja mwenye mjukuu mgongoni. Wakati huo huo Katarina, binti aliyelelewa vizuri, naye akasema, "Shikamooni." Shikamoo mbili zikagongana katikati ya darasa. Hakuna aliyethubutu kuitikia. Walibaki wamesimama wanatazamana mpaka Damiani alipookoa jahazi.

"Marahaba mwalimu. Na wewe tuitikie, tupate kukaa."

Tangu siku hiyo Katarina alimsalimia shikamoo kila alipomwona, halafu bila kuvuta pumzi akamuuliza daftari la kazi ya nyumbani liko wapi.

Mwezi wa nne ukafika, mpunga ukachanua, tukahamia Mbingu. Katarina alimkubalia Damiani aje Jumamosi tu, akikabidhi kazi ya wiki nzima. Siku nyingine alikuwa juu ya dungu, daftari kwenye mapaja. Sasa, kwenye dungu kuna kamba. Inatoka kibandani, inapita juu ya mpunga kutoka mti hadi mti, na imening'inizwa makopo yenye kokoto. Ukivuta, makopo yanalia shamba zima na ndege wanaruka. Damiani mikono yake ilikuwa na kalamu, kwa hiyo kamba aliifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Anaandika, anavuta, anaandika, anavuta.

Makopo peke yake hayatoshi. Lazima na sauti. Sisi wengine tunapiga kelele zisizo na maana, "Swaaa! Haooo!", kutwa nzima mpaka koo linakauka. Damiani aliona huo ni ubadhirifu.

"Sauti nitaitoa tu," alinieleza. "Kwa nini niitoe bure?"

Akaanza kuwapigia ndege masomo. Shamba langu linapakana na lake, na Mungu ni shahidi wangu, siku ya kwanza nilidhani amerukwa na akili. Makopo yanalia, kisha sauti inapasua bonde: "Mkutano wa Berlin! Elfu moja mia nane themanini na nne!" Kundi linaruka. "Osmosis! Maji yanatoka yalipo mengi, yanapita kwenye utando, yanaenda yalipo machache!" Kundi jingine linaruka. Aliyasema kwa Kiswahili, kisha akayarudia kwa Kiingereza, maana mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa kizito kiasi kwamba hata kunguru waliondoka.

Ng'ambo ya pili alikuwa Ngusa, Msukuma aliyekuja na ng'ombe akanogewa na mpunga. Siku ya tatu alishindwa kuvumilia.

"Damiani!" aliita. "Huyo Osmosis ni nani? Mbona ndege wanamwogopa kuliko mimi?"

"Si mtu, ni maji!"

"Maji gani yanatisha hivyo?"

Damiani alimweleza kwa kupaza sauti juu ya mpunga, kwa muda mrefu, na mfano wa chumvi kwenye dagaa. Ngusa alitafakari. Kesho yake alfajiri nikamsikia naye anafukuza ndege wake: "Osmosiiis!"

Nilicheka mpaka nikashuka chini ya dungu. Nikamwita shemeji profesa wa kwelea. Nilimwambia bonde zima litafeli pamoja naye. Alikuwa anacheka nami, hana kinyongo yule mtu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumamosi moja katikati ya mwezi wa tano, Damiani akiwa darasani Ifakara, mambo yakageuka. Ilikuwa kama saa kumi. Niliona wingu linatoka upande wa mto, linapinda, linanyooka, na lilikuwa linalia. Kwelea. Sijawahi kuona wengi vile. Walitua kwenye shamba la Damiani, upande wa chini, mpunga ukainama.

Balbina alivuta kamba mpaka ikakatika. Alishuka akakimbia ndani ya mpunga na debe na fimbo, anapiga, anaita majina ya watakatifu. Nilitupa kombeo langu nikamfuata, na Ngusa akaja na mijeledi yake ya ng'ombe. Tulipiga kelele zetu zote za kawaida. Ndege wanaruka hatua kumi, wanatua tena. Nilimtazama dada yangu, jasho na machozi vimechanganyika, nikajua anachokiona mbele yake. Haikuwa gunia la mpunga tu. Alikuwa anaona madaftari ya mumewe yanaungua, na kumbe hakutaka.

Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Mkutano wa Berlin!" nilipiga ukelele. "Elfu moja mia nane themanini na nne!" Sikuishia hapo. Nilitoa mito na milima, nilitoa mihimili mitatu ya dola, nilitoa sehemu za ua kuanzia chini kwenda juu. Ngusa aliitikia osmosis kila nilipopumua. Tulizunguka shamba lile kwa zaidi ya saa moja tukisomesha, mpaka wingu likainuka na kwenda zake. Kona moja ilikuwa imeliwa, ukubwa wa ua wa nyumba. Shamba lilikuwa limepona.

Balbina alikaa chini kwenye tope, akaanza kucheka.

"Kumbe na wewe unasoma!"

"Nani? Mimi?" nikasema. "Nilikuwa nafukuza ndege."

Lakini usoni nilihisi joto. Nilivijua vile vitu vyote, na sikujua kwamba navijua.

Tulivuna, tukarudi Lumemo, na Damiani akarudi darasani kifua mbele. Mwezi wa tisa Mwalimu Katarina akawapa mtihani wa majaribio. Katika saa mbili na nusu, mtu aliyesomesha ndege wa Mbingu nzima aliandika jina lake, tarehe, na neno Osmosis. Akalipigia mstari. Basi.

Alirudi nyumbani amekunjamana. Nilikuwa barazani, nilikuwa na utani mdomoni umeshaiva, nikautazama uso wake nikaumeza. Alikusanya madaftari yote, akamwekea Balbina jikoni.

"Chukua. Pika maharage yako. Kichwa changu kina kutu."

Balbina hata hakuyagusa. "Ndege walikula shamba?"

"Hawakula."

"Basi makubaliano ni makubaliano. Kesho tunakwenda wote kwa mwalimu."

Nilifuatana nao, ati kumsindikiza dada. Katarina alimsalimia Damiani shikamoo yake, kisha akamuuliza taratibu osmosis ni nini. Damiani akabaki anatazama ukuta. Hapo Balbina akaingilia.

"Mwalimu, samahani, hapo hutapata kitu. Mimi nimelala na huyu mtu miaka kumi na nane, namjua. Mtazame kidole gumba cha mguu."

Tukatazama. Ndani ya kandambili kidole kilikuwa kinajikunja na kunyooka, kinajikunja na kunyooka, kinatafuta kitu.

Balbina akamshika mkono mumewe akampeleka nje kwenye kisima cha shule, akamkabidhi kamba ya ndoo. "Vuta," akasema. "Mwalimu, uliza sasa."

Damiani akavuta. Katarina akauliza osmosis, maji yakapanda na jibu likapanda nayo. Akauliza Berlin. Akauliza mihimili. Ndoo ya nne ilipotoka kisimani Katarina alikuwa amekaa juu ya tofali akicheka na kupangusa macho kwa kitambaa, na watoto wa zamu walipata maji ya kumwagilia bustani bure.

Mtihani wenyewe ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Balbina alikata kipande cha kamba ile ile ya Mbingu, urefu wa hatua moja, akakiosha kwa sabuni. Ukumbini Damiani alifunga ncha moja kwenye kidole chake, nyingine akaishika chini ya dawati kwa mkono wa kushoto. Kelele asingeweza, lakini kuvuta angeweza. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha kivuli kikasimama juu ya karatasi yake.

"Mzee, simama. Una nini chini huko?"

Alikuwa msimamizi, mtu wa makamo mwenye tai. Wenzake wanasema Damiani alikuwa amegeuka rangi ya unga. Kukutwa na kitu kwenye chumba cha mtihani ni kufutiwa kila kitu, na ukumbi mzima uliacha kuandika.

"Kamba," alisema Damiani.

"Ya nini?"

Angeweza kutunga uongo mzuri. Hajui kutunga. "Ya ndege, mwalimu. Mimi nilisomea kwenye dungu. Nisipovuta, sikumbuki."

Watu wakacheka, msimamizi akawanyamazisha kwa jicho. Aliichukua kamba, akaikagua upande huu na upande ule, akaipitisha vidoleni yote taratibu. Haikuwa na alama wala maandishi. Ilikuwa na harufu ya sabuni ya mche.

"Dungu la wapi?"

"Mbingu."

Msimamizi aliinama karibu naye. "Sisi letu lilikuwa upande wa Mlimba," akasema kwa sauti ya chini. "Mwezi wa tano wote." Akaiweka kamba juu ya dawati, mahali anapoiona. "Vuta polepole, usiwatishe wenzako."

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza, tukiwa tunapanda. Careen, binti yao mkubwa, aliyasoma kwenye simu amesimama kwenye tope, na alipofika kwenye jina la baba yake alirusha simu juu. Ngusa ndiye aliyeidaka. Damiani amefaulu! Balbina alipiga kigelegele kilichofukuza kila kiumbe chenye mabawa, na mimi, niseme ukweli, nililia. Nililia kwa furaha, na kwa kingine pia. Mimi na Damiani tulimaliza darasa la saba kwa namna moja, juu ya dungu. Utani wangu wote wa mwaka ule ulikuwa wivu uliovaa shati la kicheko.

Sasa ni mwezi wa nne tena. Damiani anasomea kidato cha nne. Juzi nilipanda kwenye dungu langu alfajiri nikakuta kamba ngeni. Ilitoka kwake, ikavuka mpaka, ikaingia kwangu, makopo mapya njia nzima. Kwenye mkeka palikuwa na daftari, na juu ya jalada mwandiko wa shemeji: Hilary, QT.

"Mwalimu Katarina ameshakuandikisha!" alipaza sauti kutoka kwake. "Shikamoo zako kazipange mapema!"

Nilitaka kumtukana, nina haki hiyo. Nikaifunga kamba kwenye kidole. Jua lilikuwa linachomoza, na ndege wa kwanza walikuwa wanakuja kutoka mtoni. Nikavuta.

"Osmosis," nikasema.

"Kwa sauti, Hilary!" akaita dada yangu. "Ndege wa huku hawajasikia!"