Fimbo ya Mzee Waiswa Niliyoivunja Jinja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sitaisahau mpaka nizikwe. Ni siku niliyovunja fimbo ya kuvulia ya Mzee Waiswa kwenye mawe ya mto Nile, chini ya bwawa la Jinja, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kwa hamu nikosee. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilidhani nguvu ndiyo akili.

Lazima kwanza ujue tulikuwa katika hali gani. Vita vilikuwa vimepita Jinja miezi michache tu nyuma. Baba yangu alikuwa Mnubi, askari wa serikali iliyoanguka, na jeshi lilipokimbilia kaskazini alikimbia nalo. Tukabaki mimi na Mama, Bugembe, kwenye nyumba ambayo watu waliivamia mchana kweupe wakabeba mpaka milango. Wale tuliokuwa tukiwapelekea pilau ya Idi walianza kutupita barabarani wakiangalia upande wa pili. Siwalaumu sana sasa. Wengi wao walikuwa wameteswa na watu waliovaa nguo kama za baba yangu.

Mzee Waiswa, Msoga wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hakuangalia upande wa pili. Alikuja na mwanga wa asubuhi, akachukua godoro letu lililobaki, akaliweka kwenye chumba chake cha nyuma, akasema tu, "Hapa nalala nyinyi." Kiswahili chake alikiokota kazini. Alifanya kazi miaka mingi bwawani, akipaka mashine mafuta, na mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa bosi wake alipoondoka nchini alimwachia fimbo ya kuvulia.

Fimbo ile sikuwahi kuona mfano wake. Haikuwa mti wala chuma. Ilikuwa ya nyuzi za kioo zilizogandishwa pamoja, rangi ya asali, nyepesi mkononi kama haipo. Ilikuwa na vipete vya kupitishia mshipi, na karibu na mpini kulikuwa na kigurudumu cha kukunjia mshipi, chenye breki yake ndogo unayoikaza au kuilegeza kwa vidole viwili. Wavuvi wengine pale ukingoni walivua kwa nyavu au kwa mshipi wa mkono. Yeye peke yake alikuwa na kitu kile. Na kipindi kile maduka yalipokuwa matupu, ndicho kilichotulisha watu watatu.

Bega la Mzee lilikuwa limeanza kumsumbua, kwa hiyo akaniambia nifuatane naye mtoni. Mama alisita, binti wa Kiislamu kukaa mtoni na wanaume! Lakini njaa haikumpa nafasi ya kubishana.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kuigusa fimbo. Aliniketisha juu ya jiwe nitazame maji. Wewe umeyaona maji yale siku hizi, lakini wakati ule yalikuwa na sauti nyingine. Yalitoka chini ya bwawa yakiunguruma mpaka nikahisi meno yananitetemeka, meupe kwanza, halafu ya kijani, halafu yanazunguka nyuma ya mawe kimya kabisa kama mtu anayewaza. Nilikuwa nimeishi Bugembe maisha yangu yote na sikuwahi kuyatazama. Mzee akanionyesha kwa kidole pale yanapokaa kimya. "Samaki napumzika hapo," akasema. "Hata yeye nachoka."

Baadaye alinifundisha kuichagua fimbo kwa kuikunja. Unaisimamisha, unaikunja taratibu, unaangalia inapokunjwa inagawanya vipi uzito, kama inakunjika kote au inajikata mahali pamoja. Alinifundisha kuupitisha mshipi wote kati ya kucha mbili kila asubuhi, kutafuta palipokwaruzwa na mawe. Alinifundisha kulowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Yote hayo niliyapokea. Kitu kimoja tu kilinikera: mshipi wake ulikuwa mwembamba mno. Niliona aibu kuushika mbele ya wanaume wenye kamba nene.

"Mzee, huu si utakatika?"

"Nakatika, ndiyo. Hiyo iko kazi yake. Samaki kubwa ikikushinda, mshipi nakatika, fimbo nabaki. Kesho wewe narudi tena."

Niliitikia, lakini moyoni sikukubali.

Basi siku moja Mzee aliamka na homa. Akaniambia niende peke yangu, nivue ngege wadogo, wale sato, karibu na ukingo, nirudi mapema. Mimi nilikuwa nimeshaficha uzi mnene wa nailoni, ule wa kushonea nyavu kubwa. Nilipofika mtoni niliutoa mshipi wake, nikaukunja ule wangu kwenye kigurudumu, nikakaza breki mpaka mwisho. Nikaweka samaki mdogo aliye hai kwenye ndoana kubwa na kuirusha pale maji yanapokaa kimya.

Mwanangu, mputa, huyo ambaye watu wa Mwanza wanamwita sangara, haumi kama ngege. Nilihisi kama mtu aliye chini ya maji ameshika ncha ya fimbo na kuivuta kwake. Halafu akaruka. Alitoka majini mzima mzima, mrefu kuliko mimi, mdomo wazi, anatikisa kichwa, na maji yakimtoka kama mvua. Nilishikwa na bumbuwazi. Nilichoweza kufanya ni kuinua fimbo juu kabisa na kuishikilia. Uzi haukutoka hata kidogo, maana nilikuwa nimeufunga. Fimbo ilikunjika, ikakunjika, halafu ikalia kama bunduki.

Nusu ya juu ikaniponyoka ikaning'inia kwenye uzi. Nikaudaka uzi wenyewe, ukaanza kunikata kiganja na kunivuta kwenye ukingo wa jiwe. Nilipiga kelele. Hakuna aliyesogea. Bila shaka ningeingia majini kama ndoana isingenyooka yenyewe na kila kitu kulegea ghafla. Nilikaa chini nimeshika kipande cha mpini. Nyuma yangu kijana mmoja mvuvi, Tenywa, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mtoto wa askari kavunja bunduki yake!" Wakacheka wote.

Nilitembea mpaka Bugembe na vile vipande chini ya leso niliyojifunga. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, na nilikuwa nawaza Mama nitampeleka wapi. Mzee Waiswa alivitazama vipande, akavilaza chini, akaomba kwanza mkono wangu. Akaukosha kwa maji ya chumvi, hana haraka.

"Ilikuwa kubwa?"

"Kubwa, Mzee."

"Iliruka?"

"Iliruka."

Akatabasamu kidogo. Halafu tabasamu likaondoka. "Hamida, wewe naogopa kukosa," akasema. "Ndiyo maana nafunga kila kitu. Breki nafunga, mkono nafunga. Hata hapa," akanigusa kifuani, "nafunga. Sasa kitu ya kuvunjika ilikuwa gani? Ile nzuri."

Afadhali angenipiga, ingekuwa rahisi zaidi.

Baada ya siku mbili nilimwambia nataka kurekebisha. Akaniambia mwanzi mzuri unatoka mlima Masaba, na watu wa mlimani huuteremsha Mbale kwa ajili ya kujengea. Niende nichague mwenyewe: uliokomaa, ukuta mnene, vifundo karibu karibu, usio na tundu la mdudu. Mama alilia. Njiani kulikuwa na vizuizi vya askari kila mahali. Mwisho alinitoa kipini cha puani kwa mkono wake, akanivisha gomesi ya jirani, lile vazi la wanawake wa Kisoga, akanikataza nisiseme Kinubi wala Kiswahili. Kiswahili chetu kilikuwa kinatusaliti. Wanawake wa Kisoga hawakukisema vile.

Nilifika Mbale kwa lori la chumvi. Nilikaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Namatala, siku nne. Kila asubuhi nilitembea mpaka mahali wanapouza mianzi, nikauona ule mlima umesimama juu ya mji, kichwa chake mawinguni. Nikajisikia mdogo, lakini nisiyeogopa. Nilikunja mianzi mingi mpaka wauzaji wakanichoka. Nikachagua minne.

Nilirudi kwa lori pia, na kizuizi kilichotushika kilikuwa karibu na Iganga. Askari aliyepanda kwenye lori alikuwa Mtanzania, mtu mzima, ana mvi kidogo kwenye masikio. Akagusa mianzi yangu kwa mtutu.

"Hii ya nini, dada?"

"Ya kuvulia samaki, Afande," nikajibu kabla sijafikiri, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa. Wanawake kwenye lori wakageuka. Mmoja akasogea mbali nami.

Yule askari akanitazama. "Kiswahili hiki umefundishwa na nani?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka kufunga kila kitu. "Baba yangu, Afande."

"Na baba yuko wapi?"

"Sijui."

Nilijua anaelewa mimi ni mtoto wa nani. Halafu akaiweka bunduki begani, akachuchumaa, akaanza kuikunja mianzi yangu mmoja mmoja, akifumba jicho moja kuangalia urefu wake. Aliugonga wa tatu kwa kucha, akausogeza sikioni.

"Huu una mdudu ndani," akasema. "Tupa. Mimi nimezaliwa ziwani, Musoma. Baba yangu alikuwa mvuvi." Akaifunga ile mitatu upya kwa kamba yangu, vizuri kuliko nilivyoifunga mimi. "Weka mshipi mwembamba. Ukiweka mnene utaivunja."

Akashuka, akapunga mkono dereva aendelee. Nililia mpaka Bugembe, mwanangu. Watu wawili wasiojuana, mmoja Msoga mwenye bega bovu, mwingine askari wa jeshi lililomfukuza baba yangu, wamenipa neno moja. Kwani nilikuwa nani hata nisisikie?

Mianzi tuliining'iniza juu ya moto wa jikoni ikauke kwa moshi, wiki nyingi. Mzee aliinyoosha kwa joto la makaa. Tulitengeneza vipete kwa waya wa shaba, tukavifunga kwa uzi, tukakifunga kile kigurudumu cha zamani kwenye mpini. Mmoja ulipasuka. Mwingine ulikuwa mgumu mno. Uliobaki ulikunjika kote, toka ncha mpaka mkononi, bila kujikata popote. Nikaukunja mshipi mwembamba, nikalegeza breki mpaka nikaweza kuuvuta kwa vidole.

Tulipata ngege siku nyingi. Halafu asubuhi moja mputa akauma tena. Safari hii nilimwacha aende. Mshipi ulitoka ukilia, na mimi nikamfuata mwamba kwa mwamba, nikiinamisha fimbo anapokimbia, nikikunja mshipi anaposimama. Akiruka nilishusha mkono. Mzee alitembea nyuma yangu, mikono mgongoni. Sijui ni muda gani ulipita. Jua lilikuwa kwenye bega la kushoto, baadaye likawa utosini. Nilihisi pumzi ya yule samaki kupitia uzi mwembamba kama unywele, na nilikuwa na hofu na heshima ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya mtu yeyote, hata mfalme.

Alipochoka alilala ubavu kwenye maji ya kina kifupi, jicho lake linang'aa rangi ya dhahabu. Alikuwa mkubwa mno. Nisingeweza kumtoa peke yangu, na Mzee asingeweza kwa bega lake. Ukingo wote ulikuwa umesimama kutazama. Kisha nikamwona mtu anaingia majini na nguo zake mpaka kiunoni. Alikuwa Tenywa. Akapitisha mkono kwenye matamvua, akaita wengine wawili waje.

Halafu akageuka. Tangu vita viishe hakuna mtu pale mtoni aliyewahi kuniita kwa jina.

"Hamida," akasema. "Shika mkia."

Nikashika. Siku ile nyumba nyingi za Bugembe zilikula samaki mmoja, na jioni wanawake wawili walikuja kumsalimia Mama mlangoni.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukienda kununua vifaa vya kuvulia usitafute kinachotisha. Ikunje fimbo kwanza. Chagua mshipi unaoweza kukatika kabla fimbo haijavunjika, na breki iache ipumue. Na katika mambo yako mengine fanya hivyo hivyo: ukimpenda mtu usimfunge, ukiogopa kupoteza usikaze mpaka mwisho, na anayejua akikuambia, msikilize hata kama alikuwa adui yako jana. Baba yangu hakurudi. Nimemngoja kwa mkono uliolegea, na ndiyo maana sikuvunjika.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuyatazama maji yake bila haraka. Akupe mkono mwepesi, riziki ya halali inayokutosha wewe na jirani, na siku utakayoelemewa akuletee watu wa kuingia majini pamoja nawe. Amina.