Ndege Yangu Iliyoombewa Makindu

Dukani kulikuwa na seti mbili za kuunda ndege ya rimoti: ya wanaoanza na ya kivita. Mimi, ambaye hata tiara hunishinda, nilichagua ya kivita. Maelezo yalitaka gundi ikauke siku nzima. Nikatumia ile ya kuyeyushwa kwa moto, maana nilishatangazia darasa zima kwamba Jumamosi narusha.

Jumamosi darasa likaja kutazama, na mama akaleta pasta wa kanisa letu, akisema, "Aii, kitu kipya kipae bila maombi?"

Pasta akaweka mkono kwenye bawa, akaombea hadi marubani wa dunia nzima. Jua la Makindu likalainisha gundi niliyopaka ovyo. Baada ya amina akainua mkono, na bawa likang'oka, limemganda kiganjani.

Darasa likapiga makofi. Dadangu akaniuliza, "Rubani, na hiyo iliyobaki inapaa saa ngapi?"