Mfululizo Tulioupigia Kura

Juni 1996, darasa letu la watu wazima mjini Lodwar liliruhusiwa kuazima mfululizo mmoja tu wa riwaya kutoka maktaba ya Kakuma, tuuchague kwa kura: wa safari za angani au wa wachawi na mazimwi. Mwalimu alituletea kitabu cha kwanza cha kila mmoja. Mimi, mjane niliyeanza shule ukubwani, nilishikilia wa angani.

“Huko hakuna hata mbuzi, mwenzangu!” jirani yangu alinicheka, akiinua kitabu cha wachawi. “Huku kuna mwaguzi anayeona vita kabla havijaja.”

“Baba mkwe wako hurusha viatu vyake, akaangalia vilivyoangukia na kuona hayo hayo. Umsome wa nini, ilhali unampikia kila siku?”

Darasa likaangua kicheko. Nikawasomea ukurasa ambamo watu wanahama nyota baada ya nyota wakitafuta maji.

“Bila ngamia?” jirani akauliza. “Watafika kweli?”

“Kitabu hiki hakisemi. Labda vinavyofuata.”

Akanyoosha mkono, akaupigia kura mfululizo wangu.