Mguu Uliopiga Yowe

Nina shahada ya biolojia na nimeifundisha miaka mingi, lakini nilikanyaga ndizi saa nzima huku unyayo ukivuja damu.

Mpwa wangu alikuwa anaposa Muleba, nami ndiye msemaji wa upande wetu. Kwa kuwa jirani zangu wa Kitendaguro husema kusoma kumenilainisha miguu, niliingia mwenyewe kwenye mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe ya ndizi ya kupeleka kwa wakwe, nikakanyaga ndizi mbivu na nyasi kama babu zangu. Nyasi ikanichana.

"Toka ukanawe kwa sabuni," shangazi akasema.

"Shangazi, mkwaruzo tu huu. Mimi nimesomea mambo haya."

"Ndiyo maana nakwambia toka."

Siku mbili kabla ya safari, mguu ulikuwa umevimba na una moto kama ndizi iliyotoka jivuni. Shangazi alimwaga rubisi yangu yote migombani, akamwita jirani akamue upya.

"Wakwe wakiona msemaji anachechemea," alisema, "watauliza ukoo wetu una ugonjwa gani. Binti tutamkosa kwa ajili ya kisigino chako."

Nikaenda zahanati. Muuguzi alikuwa mwanafunzi wangu zamani.

"Mwalimu, swali hili ulininyima alama," alisema akisafisha kidonda. "Bakteria ana ukuta. Walinzi wa mwili hawangoji kumwona mzima. Wakigusa kipande tu cha ukuta ule, ambao sisi hatuna, wanapiga yowe: damu inakimbilia pale, panavimba. Hata akiwa amekufa, vipande vyake vinatosha kuwaamsha."

"Kumbe nilikufundisha vizuri."

"Mimi, ndiyo. Wewe ulikuwa wapi?"

Dawa ilisaidia, ila kiatu kilikataa katakata. Nikasimama mbele ya wakwe nimevaa kiatu kulia, kandambili kushoto.

"Mgeni," akauliza msemaji wao, "mbona mguu mmoja umekuja kuposa na mwingine umekwenda kuoga?"

Ukumbi ukacheka. Shangazi akafumba macho.

"Waitu, ndugu zetu," nikasema, "mguu huu umefanya kama ninyi. Umesikia mgeni ukutani, ukaamsha ukoo mzima kabla ya kumwuliza jina. Mwenye ulinzi wa namna hii si mgonjwa. Ana wazee."

Wakapiga makofi, wakasema tukae. Kibuyu kikazunguka. Mzee wao akaonja rubisi, akaonja tena, akatazama kandambili yangu kwa muda mrefu.

"Hii nani aliikanyaga?"

Nikafungua mdomo, maana mimi ndiye msemaji.

"Si huyu," akasema shangazi.

Mzee akanywa.