Ubao wa Miti ya Mbega

Hata leo nikisikia harufu ya rangi ya mafuta, hasira zinanipanda, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Bunda. Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita afisa wa wanyamapori, akaleta shuleni kwetu mtoto wa mbega aliyenasuliwa mtegoni. Mbega hula majani, tena kwa kuchaguachagua. Akakubaliana na kijiji: tupande mikuyu na miti mingine anayoipenda mbega, naye atatuachia mnyama. Miti ikifa, anamchukua. Nilimpenda mno mnyama yule. Alikuwaga akinishika kidole huku anatafuna.

Kiangazi kizima tulibeba maji vichwani mpaka miche ikanifika magotini. Mwalimu akanipa brashi niandike ubao, maana mwandiko wangu ulisifiwa. Nikaandika kwa maringo: MITI HII NI CHAKULA CHA WANYAMA. Neno “pori” likakosa nafasi. Nikajisemea, nani asiyejua?

Jumamosi moja nikakuta mbuzi wetu wote shambani, miche imebaki vijiti, na mama amesimama kando ya ubao anatabasamu. Miezi ile alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima.

“Nimesoma mwenyewe, sikumwuliza mtu,” aliniambia. “Nikajua kijiji kimetukumbuka na sisi. Mbega mmoja atamaliza yote haya? Na wanyama si tunaitaga hawa?”

Akawaonyesha mbuzi.

Nilimfokea mbele ya wanakisomo wenzake waliokuwa wanapita. “Mama, hujui kusoma. Bora ungebaki jikoni.”

Aliwaswaga mbuzi akaenda zake.

Bwana Nyama akaja na Landrova, akamchukua mbega. Nililia, nikamnunia mama wiki nzima. Yeye hakurudi tena kwenye kisomo. Alisema macho yanamuuma. Mimi nikaona amepata anachostahili. Mjinga mimi.

Nilikuja kuwa mwalimu, na siku moja, nikisahihisha imla, ndipo nikaelewa. Ule ulikuwa ubao wa kwanza mama kuusoma peke yake, na aliusoma sawasawa, herufi kwa herufi. Aliyekosea ni mwandishi.

Nilimwandikia barua ndefu kumwomba radhi. Nilieleza yote, safari hii sikuacha neno hata moja. Alipoipata, akampelekea jirani amsomee.