Kisukumio Kilichoniinamia

Nilikwenda Doha kwa sababu mkuu wa idara yetu Dar es Salaam aliniambia bila kuzunguka: nikirudi bila vipimo vinavyoeleweka, chumba changu cha utafiti anapewa mtu mwingine. Kazi yangu ni kuunda visukumio vya sumaku. Kipande cha sumaku kidogo kuliko punje ya ufuta kinagandishwa juu ya utando laini wa mpira, na chini yake kuna koili ya waya. Ukipitisha umeme, utando unainuka na kufungua njia, ukikata, unashuka. Natamani siku moja kiwe ndani ya pampu ya kumpa mgonjwa dawa tone kwa tone. Kwetu hatuna kifaa cha kupima mwendo mdogo hivyo. Maabara moja ya Doha ilinikubalia siku mbili.

Uwanja wa ndege alinipokea dada yangu Zuwena, mtoto wa mama mkubwa, anayefanya kazi hotelini. Tukaenda kwake, mtaa wa Al Mansoura. Kabla sijavua viatu aliutazama mtandio wangu akasikitika.

"Mdogo wangu, bado unatoboa mitandio kwa pini? Huku tumeshaacha."

Akanibandikia begani sumaku mbili za duara, moja juu ya kitambaa, moja chini. "Khalas, basi. Hata upepo wa jangwani hauuvui."

Nilizipenda, nasema kweli.

Asubuhi, maabara. Mwenyeji wangu alikuwa Wanjiru, Mkenya anayesimamia vifaa. Tuliweka kisukumio chini ya hadubini, nikawasha umeme, nikainama. Utando uliinuka upande mmoja tu, kama mtu mwenye kichomi. Nikaweka kingine, vivyo hivyo.

"Hebu nione," Wanjiru akasema. Akainama yeye. "Lakini hii iko sawa. Inapanda poa."

Nikainama mimi: utando umelala upande tena.

"Aki ya Mungu, inakuogopa," akasema.

Sikucheka. Nilishaanza kuona meza ya mtu mwingine chumbani kwangu. Siku ikaisha hivyo, sina kipimo hata kimoja cha kupeleka nyumbani.

Jioni Zuwena alinipakulia wali na samaki, hakuniuliza mengi. Asubuhi yake akanitengenezea mtandio kwa mkono wake, akaniombea dua, akanisindikiza hadi chini.

Siku ya pili, maabara tena. Niliamua kukibandua kisukumio nikigandishe upya, maana kosa nililiona liko kwenye gundi. Nikashika kibano cha chuma, nikajikuna shingo kwa mkono uleule. Kibano kikachomoka vidoleni, kikaning'inia begani kwangu.

Tukakitazama, mimi na Wanjiru.

"Wewe," akasema polepole, "umevaa sumaku?"

Miaka yote nafundisha watu kuondoa chuma na sumaku mezani, na yangu nilikuwa naiinamisha juu ya kisukumio kila nikitazama. Nilijisikia mjinga kweli. Nikaenda chooni, nikaufunga mtandio fundo la kawaida, sumaku nikaziacha kwenye droo ya chumba cha pili. Niliporudi na kuinama, utando ulipanda wima, ukashuka wima. Machozi yalinilenga. Tulipima mfululizo hadi wenzake Wanjiru wakaanza kuzima taa za ukumbi.

Siku ya kuondoka Zuwena alinipa boksi zima la sumaku za mitandio, za kugawia wenzangu kazini. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Boksi likaenda kwenye sanduku kubwa, visukumio nikavipakata mwenyewe njia nzima.

Dar es Salaam mkuu alizisoma karatasi za vipimo, akanirudishia ufunguo wa chumba changu aliokuwa amebaki nao. Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kulaumu gundi, mtu ajikague mwenyewe. Zawadi ya dada nimeigawa, wenzangu wanaivaa kwa fahari. Mlangoni nimeweka bakuli, na kila anayeingia anavua sumaku zake na kuzitia humo. Wa kwanza kila asubuhi ni mimi.