Shangazi na Jumapili Yangu ya Mbio

Sijamwambia mtu hili: nilimshawishi baba twende bustani ya burudani mjini Columbus wikendi hii kwa sababu Jumapili kuna mbio, nami nimejiandikisha.

Miezi minne nimefanya mazoezi hapa Louisville kabla wazazi hawajaamka.

Leo shangazi, mwenyeji wetu wa huko, kapiga simu. Baba kaweka spika, tunasikia wote.

"Jumapili mtasali kanisani kwangu. Sare za kitenge nimeshawashonea."

Nikajikaza. "Shangazi, asubuhi kuna mbio..."

"Mtoto wa kike na kaptula barabarani! Unafukuzwa na nani?"

Baba akacheka. Mama naye!

Namchukia shangazi. Kweli.

Lakini mbio ni saa moja, ibada saa nne. Nitakimbia kwanza, kisha kitenge chake nitakivaa juu ya jasho langu.

Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Atakayemwambia shangazi, sitamsamehe.